Mpishi Bado Amesimama

Majirani wanasema kazi yangu ni kuimbisha wafu, nami nimechoka kuwasahihisha. Nina chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele, kompyuta, spika mbili, na programu inayoimba. Mteja ananiletea wimbo wa ujana wake, ule ambao kanda yake ilikatika au bendi yake ilisambaratika. Naandika maneno silabi moja moja, kila silabi naipa noti yake, naivuta, naifupisha, naitetemesha kidogo mwishoni, na mashine inaimba. Watu wazima wenye mvi wamelia kwenye kiti changu cha plastiki, nami nikawapa karatasi za kufutia machozi na kujiona fundi kwelikweli.

Lakini mganga hajigangi. Mama yangu aliimba jikoni maisha yake yote, na sina hata sekunde moja ya sauti yake. Siku niliyomsogezea kinasa sauti alinifukuza na mwiko, akasema yeye si redio. Nilicheka, nikakitia mfukoni, nikajiambia ipo siku. Amefariki miezi mitatu sasa. Baba alisimama kaburini akijua vizuri kabisa anamzika nani.

Wiki ya pili akasahau. Ugonjwa wake wa kusahau ulikuwa umeanza zamani, ukila pembeni: miwani, funguo, majina ya wajukuu. Sasa ukala katikati. Alikaa mezani akaniuliza mama yako yuko wapi, nikamwambia. Alilia kilio cha mtu anayepewa habari mara ya kwanza, maana kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Nilimwambia siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikashindwa, nikasema yuko jikoni.

Hapo ndipo alipoacha kula. Hakugoma wala hakugomba. Sahani ikiwekwa mbele yake anaitazama kwa adabu, mikono mapajani, na macho yanakwenda kwenye mlango wa jikoni. Ukimlisha kwa kijiko anafunga mdomo na kukuonea haya, wewe mtoto wake. Alikuwa na kilo hamsini na moja, zikawa arobaini na saba, zikawa arobaini na tano. Nesi anayekuja kumpima kila Ijumaa hapambi maneno. Aliniambia akifika arobaini na tatu watamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani, na kwamba wazee wa hali yake wakiingia hivyo, wanaorudi nyumbani ni wachache. Nilimchukia yule nesi kwa siku mbili nzima, kisha nikaona namchukia bure.

Nikaamua kumrudisha Mama jikoni kwa njia ninayoijua.

Wimbo wenyewe alijitungia, na hakuna mwingine duniani aliyeuimba:

*Sufuria ni nyeusi,*
*wali wake ni mweupe,*
*anayekuja na aje,*
*asiyekuja tumwache.*

Mama mdogo, mdogo wake Mama wa kunyonya ziwa moja, alikuja studio akakaa na mkoba wake mapajani kama yuko kituo cha polisi. Sauti iliyomo kwenye programu ni ya binti fulani nisiyemjua, safi, laini, haijawahi kupuliza moto. Mama mdogo aliisikiliza akasema huyo ni mtangazaji, si dada yake. Nikaishusha. Nikaitia mkwaruzo. Akasema dada yake alikuwa akishuka kidogo mwisho wa mstari, kwa sababu hapo ndipo alipoinama kuonja mchuzi. Nikashusha kila mwisho wa mstari. Nikaweka pumzi kwa mkono, moja baada ya nyingine, pale mtu mzito mwenye magoti mabovu angevuta pumzi. Siku ya nne Mama mdogo alifungua mkoba, akatoa leso, akajifunika uso nayo, na sikuhitaji kuuliza tena.

Niliweka spika jikoni, nyuma ya mtungi wa maji, nikabonyeza. Baba alikuwa kitandani. Nilimsikia akitafuta ndara zake kwa miguu. Akaja mwenyewe, bila kushikwa, akanawa mikono, akakaa kwenye kiti chake, na uso wake ukafunguka hata nikamwona yule baba aliyenibeba mabegani. Nikapakua haraka. Nikamwekea wali na mchuzi, nikakaa pembeni.

Hakula.

Alisikiliza akitabasamu, kidole kinagonga meza. Wimbo wangu ulikuwa wa dakika mbili, na nilikuwa nimeuagiza ujirudie wenyewe ukiisha. Ulijirudia mara kumi na tano. Mchuzi ukaganda. Baba akasinzia hapohapo mezani, bado anatabasamu.

Nikadhani hautoshi. Fundi akikwama huongeza misumari. Kesho yake niliongeza beti, keshokutwa nikaongeza tena, nikatunga beti ambazo Mama hakuziimba kamwe, nikaziunganisha hata mahali pa kuishia pasisikike. Jiko letu liliimba kuanzia saa sita mchana hadi alasiri bila kupumua. Baba alifurahi kila siku, na kila siku alipungua. Ijumaa mizani ilisema arobaini na tatu na nusu. Nesi alimtazama Baba, akanitazama mimi, akasema atarudi wiki ijayo na gari. Nilikwenda chooni nikafungulia maji nikapiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba. Nilikuwa namuua baba yangu, na yeye alikuwa na raha.

Jumapili Mama mdogo alikuja kula nasi. Akasikiliza wimbo, akamtazama shemeji yake aliyekaa mikono mapajani, akatazama sahani. Kisha akanigeukia mimi kwa hasira ambayo sikuitarajia.

"Mtoto wewe, umelelewa nyumba gani? Huyu amewahi kula wakati dada yangu bado anaimba?"

Sikuelewa. Sisi watoto tulikula jikoni, tukidokoa sufuriani. Mambo ya mezani tuliyasikia kwa mbali. Mama mdogo akanieleza. Mama akiimba, bado anapika. Akinyamaza, ameepua, anakuja kukaa. Na Baba, tangu walipooana, alikuwa akisema mtu anayekula na mpishi bado amesimama ni mwizi. Hakuonja hata chumvi kabla ya wimbo kuisha. Nami, mwenye masikio ya kulipwa, nilikuwa nimetengeneza wimbo usioisha.

Niliingia jikoni nikaubonyeza ukome.

Kimya kile kilinitisha. Baba aliinua kichwa, akavuta kiti karibu na meza, akasema taratibu, "Haya, bismillahi," akashika kijiko. Akala. Alikula kama mtu aliyetoka safari, punje zinamdondokea kifuani, na Mama mdogo akanishika paja chini ya meza akaliminya mpaka likauma.

Alipofika katikati ya sahani alikoma. Akachora mstari kwenye wali kwa ncha ya kijiko, akasogeza sahani hadi mbele ya kiti kitupu. Nilijaribu kumrudishia. Akaniuliza kama sina adabu.

Nikasema Mama amechoka, atakulia jikoni. Nikabeba sahani, nikasimama nyuma ya mlango, nikala ile nusu ya sahani ya mama yangu huku nikigonga kijiko makusudi ili asikie. Nililia na kutafuna kwa pamoja, kitu ambacho simtakii mtu.

Tumekwenda hivyo wiki nzima. Wimbo kwa dakika kumi, kimya, nusu yake, nusu yangu. Ijumaa nesi alikuja na gari, akampima mara mbili: arobaini na tatu na nusu, palepale. Akasema hajashuka, tuendelee hivyohivyo, lakini nusu sahani haitoshi. Lazima aanze kumaliza.

Mchana huo nilimbembeleza amalize. Alichora mstari wake, akaisukuma sahani, kisha akageukia mlango wa jikoni na kupaza sauti iliyobaki.

"Mke wangu, umeshiba? Niambie mwenyewe. Ukishiba, nami nitamaliza hii."

Akangoja. Nikanyata hadi jikoni, nami nyuma ya mlango nikangoja, kama vile kuna mtu wa kujibu. Programu yangu inaimba tu, haijui kuzungumza. Baba akauliza mara ya pili, na safari hii sauti ilikuwa na wasiwasi, ya mume anayejiuliza amekosa nini.

Nikaweka kompyuta juu ya jiko lililopoa. Nikaandika vibaya, nikafuta, nikaanza upya, kila silabi kwenye noti moja, ya chini kabisa, ili isikike kama maneno: ni, me, shi, ba.