Pua ya Mzee Viateur

Pua ya Mzee Viateur ilikufa mwaka tisini na nne, na kwa miaka mitano hakuna aliyejua isipokuwa mke wake, Verediane. Haikukatwa wala haikuumia. Ilikuwa pale pale usoni, ndefu, imenyooka, pua ya kupigiwa picha. Ila ilikataa kazi. Mwezi ule wa Julai alikuwa Goma na wakimbizi wenzake, akazika watu wa kipindupindu mpaka akaacha kuhesabu, akashikwa na homa, na alipoinuka mkekani hakusikia tena harufu ya kitu chochote. Daktari alisema ni homa. Verediane alisema pua imechoka kwa yale iliyoyanusa. Kwa vyovyote vile, maharage yaliungua kando yake akiwa ameketi kwenye kigoda, na yeye hana habari.

Sasa, mtu asiyenusa anaweza kuwa fundi viatu, anaweza kuwa hata mlinzi wa lango. Lakini Mzee Viateur alikuwa muonja divai. Jamani, unaliona balaa hilo?

Kwa miaka ishirini na miwili alimtumikia Mreno mmoja, mfanyabiashara aliyekuwa na duka Goma na nyumba ya kando ya ziwa huku ng'ambo ya mpaka, mtaa wa Nengo. Mreno yule alikuwa mkali kwa kila mtu, lakini alipenda divai ya kwao, porto, na kwa kuwa Viateur naye aliipenda, alimfundisha yote aliyoyajua. Vita ilipokaribia, mzungu akaondoka na sanduku moja la nguo. Viateur akabaki na ufunguo, akazificha chupa thelathini na moja stoo, nyuma ya magunia ya makaa.

Mwaka tisini na tisa, watu walipoanza kusafiri tena bila kuomba dua kila kona, mama mmoja aliyerudi kutoka Uganda, jina lake Jolly, akaikodi nyumba ile na kuifanya hoteli, Viateur akabaki na ufunguo wake wa stoo. Aliziona chupa. Karatasi za ubavuni zilikuwa zimeliwa na unyevu na mchwa, haijulikani ipi ni ipi.

"Nani anajua vitu hivi?" aliuliza.

"Mi najua, patroni," alisema Viateur. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea.

"Basi zipange. Jumapili ya mwisho wa mwezi nina mgeni, Bwana Bruce, mnunuzi wa kahawa kutoka Kigali. Anaipenda sana porto. Akiridhika, kampuni yake italeta watu hapa kila mwezi, na wewe utakuwa mkuu wa baa. Asiporidhika, mzee wangu, sitakuwa na kazi ya kukupa."

Kwa mtu wa miaka sitini na moja, asiye na shamba, mwenye chumba cha kupanga Mbugangari na mke wa dawa za presha, hayo hayakuwa maneno madogo. Usiku ule Verediane alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Umwambie patroni."

"Haiko maradhi. Iko pua tu."

"Haya. Endelea."

Akaendelea. Na usidhani alikuwa tapeli. Aliyoyajua aliyajua kweli. Chupa nyingi alizipanga kwa macho peke yake. Alizinyanyua moja moja mbele ya dirisha: hii yenye rangi ya samli ni porto nyeupe, ya kunywa ikiwa baridi kabla ya chakula. Hii nyekundu ya kung'aa ni ruby, ingali kijana. Hii iliyofifia, inayoelekea rangi ya chai ya rangi, ni tawny, iliyozeekea kwenye pipa la mbao. Na moja, moja tu, ilikuwa nzito na nyeusi, kizibo chake kirefu kimefunikwa nta, na doa la chokaa ubavuni la kuonyesha upande wa juu inapolazwa. Hiyo ni porto ya mwaka, ya zabibu za mwaka mmoja tu, iliyozeekea ndani ya chupa yenyewe, gizani. Aliishika kwa mikono miwili, akacheka peke yake.

Lakini macho hayamalizi kazi. Divai inaweza kupendeza kwenye mwanga na huku ndani imeharibika. Hapo ndipo alipomhitaji Belyse.

Belyse alikuwa mhudumu wa meza, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka na heshima ya kupiga goti kidogo anapompa mzee kikombe. Viateur alimwita stoo kila mchana wageni wakishaondoka. Alimwambia anamfundisha kazi. Na kweli alikuwa anamfundisha.

"Unajua mutobe?" alianza siku ya kwanza.

"Maji ya ndizi, mzee. Kabla hayajawa pombe."

"Bon. Sasa wewe weka mutobe ichache. Iko inachemka, iko inakula sukari. Mbele haijamaliza sukari yote, mwanga kanyanga ndani. Inafanya nini?"

Belyse alifikiri. "Kanyanga, gongo ile kali, itaikata isichache tena. Sukari itabaki, na ukali utaongezeka."

"Ndiyo porto hiyo! Ila ni zabibu, na kanyanga yao iko ya wazungu." Alicheka mpaka akakohoa. "Onja. Usimeze, tema kwa ndoo."

"Niteme? Kitu kitamu hivi?"

"Tema, mutoto wangu, ama utarudi nyumbani na magoti."

Akaonja, akatema, akasema. Loo, binti yule alikuwa na ulimi! Ya ruby alisema ni zambarau, zile zinazopaka ulimi rangi, na pilipili manga kwa mbali. Ya tawny alisema ni karanga za kukaanga, na asali iliyokaa, na ganda la chungwa lililoachwa juani. Viateur alifumba macho akimsikiliza. Ulimi wake mwenyewe ulimpa utamu na moto tu, basi, yaliyobaki aliyakumbuka. Alipomuuliza, "Na hii iko sawa?" Belyse alidhani anapewa mtihani. Mara mbili alisema, "Hii inanuka siki, mzee," naye akazitenga chupa hizo kando, akajibu, "Umefaulu." Alijibu kwa sauti ya mwalimu, na moyoni aliona aibu.

Ile ya mwaka hawakuifungua. Ikishafunguliwa inakaa siku moja, mbili, halafu inapoteza uhai. Ilibidi ingoje Jumapili.

Jumapili ikafika. Bwana Bruce alikuja na wenzake watatu, wakala samaki wa sambaza na viazi barazani, ziwa limetulia mbele yao. Alikuwa mtu mpole, lakini kazi yake, alieleza, ni kuonja kahawa: vikombe mia kwa siku, kila kimoja ananusa, anavuta kwa kelele, anatema. Viateur alilisikia hilo akiwa mlangoni.

Akaenda stoo peke yake. Chupa alikuwa ameisimamisha wima tangu Ijumaa ili mashapo yatue chini. Akatoa nta, akang'oa kizibo bila kukivunja, akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa na kuimimina taratibu kwenye jagi la kioo, jicho kwenye mwanga. Uzi mweusi wa mashapo ulipofika shingoni akasimamisha mkono papo hapo. Jagi lilikuwa safi kabisa. Mreno angempigia makofi. Kizibo alikitia mfukoni. Kukinusa kungemsaidia nini?

Belyse alibeba sinia la bilauri, Viateur jagi. Kwetu anayemkaribisha mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni akimtazama, ili ajue hakuna ubaya ndani. Viateur akajimiminia tone, akanywa. Utamu. Moto. Basi.

"Iko muzuri," alisema. "Karibuni."

Akamimina bilauri nne juu ya sinia, akaliweka jagi katikati ya bilauri hizo.

Upepo kidogo ulitoka ziwani. Belyse, sinia mikononi, akageuza uso ghafla. Akamtazama mzee. Viateur alikuwa amesimama wima, ametulia, anatabasamu kama bwana harusi. Belyse akaendelea kumtazama, macho yakimtoka polepole, kama mtu anayejumlisha mambo ya siku nyingi. Kisha akapiga hatua, akajikwaa, na sinia lote likaenda chini: bilauri, jagi, porto ya mwaka, vyote sakafuni, na nusu yake kwenye kitambaa cha meza.

"Belyse!" Jolly alisimama. "Unajua ulichomwaga? Unajua? Vua eproni. Kachukue vitu vyako, na kesho usije!"

Belyse akapiga goti kidogo, akaanza kufungua kamba za eproni.

Viateur aliangalia sakafu. Ilikuwa saruji laini, hakuna zulia, hakuna jiwe. Binti huyu alipita na masinia katikati ya wanajeshi wanaoshangilia mpira, hajawahi kudondosha hata kijiko. Na alipojikwaa hakuwa anaangalia sinia. Alikuwa anamwangalia yeye. Hapo akaelewa yote.

Angeweza kunyamaza. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu alilifikiria. Jagi limeshavunjika, siri imemwagika sakafuni, na kazi iko mkononi mwake. Alimwona Verediane akihesabu vidonge mezani. Alimwona na Belyse akiingia ndani, mabega yameshuka.

"Patroni," alisema, "musimufukuze. Ile divai ilikuwa imeoza."

"Wewe si umeionja sasa hivi? Umesema ni nzuri!"

"Mi sinusi, patroni. Tangu tisini na ine sinusi kitu. Nilidanganya. Huyu mutoto amenusa, hakutaka kunipatisha haya mbele ya wageni, akaanguka makusudi. Kosa iko yangu yote."

Bwana Bruce aliinama, akashika ncha ya kitambaa kilicholowa, akakisogeza puani. Akakirudisha chini upesi. "Kizibo kiliiharibu," alisema. "Inanuka tambara la kudekia. Mzee anasema kweli."

Jolly alimkazia macho Viateur. "Mwezi mzima umenidanganya."

"Ndiyo, patroni."

Akavua ufunguo wa stoo shingoni, akauweka mezani. Jolly akauchukua, akamwita Belyse, akamtupia. "Lete nyingine. Unayoijua. Na safari hii uonje wewe."

Belyse alirudi na chupa ya tawny, akasimama mbele ya wageni, ameshika chupa kwa mikono miwili. Kisha akampa Viateur. "Mimi sijui kumimina," alisema, na Jolly hakumkatiza. Mzee akamimina, mkono wake haukumwaga hata tone. Belyse akaonja.

Wageni walikuwa wanangoja, lakini yeye aliwapa mgongo kidogo, akamgeukia mzee.

"Kuna karanga," alisema. "Kuna sukari iliyoungua kidogo. Na mwishoni kuna moshi, mzee, mzuri, kama jikoni kwa mama asubuhi na mapema."

"Moshi wa kuni gani?" aliuliza mzee.

"Mikaratusi. Iliyokauka."

Viateur alifumba macho. Machozi yalimtoka mbele ya wageni wote na hakuyafuta. Jolly alivuta kiti, akakaa, akasema taratibu, "Haya, wamiminieni wageni. Wote wawili. Na kesho saa mbili niwakute hapa, wote wawili."

"Ndiyo, patroni," alisema Viateur. Kisha akamwinamia Belyse. "Ile ya moshi," alinong'ona. "Sema tena."