Waya wa Hanga

Kaka yangu anaitwa Sikio, na aliyelisambaza jina hilo mtaa mzima ni mimi. Anainamisha kichwa kwenye boneti, anafumba macho, kisha anakuambia gari linaumwa nini. Miaka tisa nimempigia debe bure. Jirani akilalamika gari linakohoa, namwambia, "Mpelekee Sikio, mashine za nini?" Tulipopata magari, tulichukua ya aina moja, langu jeupe, lake la kijivu, ili vipuri vya mmoja vimfae mwenzake. Wazo hilo lilikuwa lake. Ningejua, ningenunua punda.

Miezi miwili iliyopita nilimwachia gari kutwa nzima abadilishe oili. Siku chache baadaye taa ya injini ikaanza kuwaka. Kila Jumamosi nampelekea. Ananiambia nikae kwenye benchi ninywe chai, anaingia ndani ya gari dakika tano, taa inazima. Kabla ya Jumamosi nyingine imerudi.

"Waya wa sensa ya moshi unacheza tu," alikuwa akisema. "Usijipe presha, mdogo wangu."

Sikujipa. Presha ilinijia yenyewe wiki hii, kwa sababu Ijumaa gari langu lilikuwa liende kukaguliwa. Shule ya msingi ya jirani ilitafuta dereva wa kuwabeba wanafunzi asubuhi na jioni, na mwalimu mkuu alikwisha kunikubali kwa mdomo. Ilibaki karatasi ya ukaguzi. Miaka mitatu nimebeba abiria wa kubahatisha, leo yupo kesho hayupo. Kazi ile niliitaka kwa roho yangu yote, na wa kwanza kuambiwa alikuwa kaka.

Jumatano asubuhi taa ikawaka tena. Nikaona nisimsumbue katikati ya wiki, heri ninunue kijimashine changu cha kusomea hitilafu. Nikampigia simu kumwuliza kipi kinafaa.

"Chukua kile kidogo cha bei ya chini kabisa," alijibu upesi. "Kinasoma namba, kinafuta, basi. Hivyo vingine ni urembo, watakuibia."

Nikamshukuru. Hebu fikiria, nikamshukuru!

Duka la vipuri linaendeshwa na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimwonyesha kwa kidole kile kidogo ndani ya kabati la kioo. Hakukitoa.

"Nani kakutuma hicho?"

"Fundi wangu."

"Rahisi huwa ghali, mwanangu. Hiki kitakupa namba na kuizima taa. Kuizima taa ni kama kumpiga kofi mtoto anayelia njaa. Atanyamaza, lakini njaa iko palepale." Akatoa viwili vingine. "Hiki kikubwa ni cha mafundi, usihangaike nacho. Chukua cha katikati. Kimezidi bei kidogo tu, lakini kinakuambia gari limetembea kilomita ngapi tangu taa ifutwe, na kama liko tayari kukaguliwa. Twende nje ukione kikifanya kazi, usininunulie maneno."

Alikichomeka chini ya usukani, akawasha, akasogeza miwani.

"Masega yako yamekufa. Yale ya kuchujia moshi kwenye bomba."

"Haiwezekani. Nilifunga mapya mwaka jana."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Na hapa taa imefutwa kilomita mia mbili na kumi zilizopita."

"Hiyo ni Jumamosi. Kaka yangu ndiye anayeizima. Anasema ni waya wa sensa."

Yule mama alinitazama juu ya miwani, akanyamaza. Nilitamani kumgombeza. Alikuwa anamjua Sikio kwa lipi hata amnyamazie namna ile?

Nilikinunua kile cha katikati, nikatandika gunia chini, nikaingia uvunguni mwa gari hapohapo mbele ya duka, na sketi yangu ya heshima. Nilikuwa natafuta kitu kimoja. Mwaka jana bati la kukinga joto juu ya masega lililegea likawa linapiga kelele, nikalifunga mwenyewe kwa waya wa hanga ya nguo, nikausokota mara tatu. Sikio alicheka mpaka akakaa chini. Sasa waya haukuwapo. Hata bati halikuwa lile. Masega yaliyoning'inia pale yalikuwa yamekula kutu kama sufuria ya jalalani.

Nilitoka uvunguni nikampigia mwalimu mkuu kumwomba aniongezee wiki moja. Sikumwambia mengine.

"Wiki ya nini tena?" aliniuliza. "Kaka yako alikuja Jumatatu. Alisema gari lako ni bovu, halitapita, akaleta karatasi za ukaguzi za gari lake. Tukadhani mmekubaliana nyumbani."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusema msemo huo mara nyingi, kila mara nikiwa nacheka, kwa sababu nguo zilikuwa za wengine. Sikulia. Niliendesha hadi gereji yake nikiwa nimebana meno mpaka taya zikauma.

Gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa mlangoni, stika ya ukaguzi inang'aa kwenye kioo. Mwezi uliopita nilimpongeza kwa stika ile, nikamletea na soda. Nililala chini kwenye mafuta na vumbi, nikachungulia. Waya wangu ulikuwa pale, misokoto mitatu.

Viatu vyake vikaja vikasimama karibu na kichwa changu.

"Mdogo wangu, umepoteza nini huko chini?"

Niliinuka. "Fundi," nikamwita. Tangu nizaliwe sijawahi kumwita hivyo.

"Umeniitaje?"

"Fundi. Nimekuja kuchukua masega yangu."

Hakunitazama usoni. Alikitazama kijimashine mkononi mwangu.

"Kumbe ulichukua cha katikati," akasema.

Basi. Hata mtu aliyekamatwa na kuku kapuni hujitetea kidogo.

"Ningekurudishia," akaongeza.

"Lini? Stika yako ina mwezi mzima. Na kila Jumamosi ulikuwa unaniweka kwenye benchi na chai, unaingia kunifutia taa. Mara nane, fundi. Mara nane ulikumbuka."

Alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa ilikuwa mikavu. "Mimi nina watoto watatu. Wewe uko peke yako. Mtu mmoja hakosi cha kula."

Hapo ndipo iliponichoma. Chuma hufunguliwa kikafungwa. Lakini kaka yangu alikaa mahali, kwa utulivu, akapima maisha yangu na yake, akaona yangu mepesi. Watoto hao watatu nimewabeba mgongoni, walijua kuniita shangazi kabla ya kujua kuita maji.

"Fungua," nilimwambia. "Yangu yarudi kwangu, yako yarudi kwako. Kesho asubuhi utakwenda shuleni, umweleze mwalimu mkuu gari bovu lilikuwa la nani. Usipokwenda, nitawapeleka hao watoto watatu mimi mwenyewe, wamweleze wao."

Alipandisha gari kwenye jeki, akalala chali, akaingia chini, miguu tu ikabaki nje. Nikasikia nati ya kwanza ikigoma, kisha ikalia.

Nilikuwa na miaka saba alipoanza kujifunza ufundi. Nilikuwa nakaa kando ya miguu hiyohiyo nampa spana kwa namba zake, na kila nikipatia ananiita mhandisi.

"Mdogo wangu," sauti ilitoka chini, ya kawaida kabisa, na kiganja kikajitokeza kikiwa wazi. "Nipe kumi na nne."

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuishika spana kabla sijafikiri. Niliitazama. Kisha niliiweka chini kwenye saruji, mbali kidogo na vidole vyake, atoke aichukue mwenyewe.