Mizani ya Nane

"Kitendawili!"

"Tega, Mwalimu."

"Nimempa jirani moto, wangu haukupungua."

"Elimu," alijibu Najla, kama alivyojibu kila Jumapili kwa miaka kumi na moja.

Mwalimu Soud, mzee wa Kipemba, akamtazama sana. "Ehe! Na wewe binti wa nani?"

Generosa, mhudumu wa nyumba ile ya wazee hapo Thamesmead, ughaibuni, akamnong'oneza Najla: "Wiki nzima yuko hivyo, dada. Mimi ananiita mama yake."

Najla alikuwa kaleta utenzi wake, beti mia tatu za kisa cha wazee wao waliokikimbia kisiwa chao. Ulibaki ubeti mmoja, ule wa mwisho, ambao mtungaji hujitaja jina. Na kwa Mwalimu Soud, mwanafunzi hajitaji mpaka apewe ruhusa. Ruhusa hiyo ndiyo aliyoijia.

Akaanza kusoma. Mzee akagonga meza kwa kidole, mizani nane kila mstari. Zamani ukipunguza mizani moja tu, kidole husimama hewani, nawe hutukanwa ukakoma: "Mstari kiguru huu! Upeleke hospitali!"

"Mama akafa kimya," alisoma Najla, na palepale akalisikia kosa lake. Mizani saba. Akangoja atukanwe. Kidole kikagonga mizani ya nane juu ya neno lisilokuwapo, kikaenda zake.

Kumbe moto hupungua.

Alipomaliza, mzee alikuwa analia. "Huu nimeutunga mimi," alisema.

"Mwalimu, naomba ruhusa nitie jina…"

"Tia! Soud bin Mahir, wa Wete. Andika nione!"

Generosa akafungua mdomo. Najla akamkonyeza anyamaze, akaandika.

Ndani ya basi alizifunua karatasi. Wino mwekundu wa Mwalimu ulijaa kila ukurasa: neno hili kalifuta yeye, kina hiki kakileta yeye. Akatafuta mstari ambao mkono wa mzee haujaupitia, hata mmoja. Akaupata mmoja tu, ule aliouongeza juzi, wa mama.

Akatoa kalamu autie mizani ya nane. Aliishika vile vile mpaka kituo chake kikapita, kisha akairudisha mkobani.