Hita ya Gaudensia

...na hii je, hii yenye nyaya zinazowaka mpaka zinaiva nyekundu, hii angalau unaiona, moto unaoonekana ndio moto wa kweli, anawaza Onesphory, viganja amevikunjua mbele ya hita ya umeme kana kwamba yuko jikoni kwa mama yake na si dukani Mbulu mjini, asubuhi ya ukungu wa Julai, "nikuwashie na ile ya feni, baba, uone?" anauliza Monica, binti wa duka, washa, mwanangu, anamjibu, lakini masikio yake hayapo hapa, yako nyumbani, kwenye gereji ambayo haijawahi kulaza gari, maana ulipotangazwa mkoa mpya wa Manyara watu walisema sasa mambo yatanyooka, naye akajenga gereji kwanza, gari lije likute nyumba, gari halikuja, gereji ikawa karakana, meza yake ya useremala upande huu, cherehani ya mke wake Gaudensia upande ule, msumeno na cherehani vikijibizana siku nzima, na utani wa yule mwanamke, ee Mungu, "baba Judica, hicho kitanda umeagizwa na tembo?"... feni inavuma, inampulizia joto usoni, hapana, hii itapeperusha vumbi la mbao lote limwingie Gaudensia puani... Gaudensia yupi, kiti chake kitupu tangu baridi ya mwaka jana, tangu lile jiko la mkaa, gundi iligoma kushika siku ile, vidole vya Gaudensia vikafa ganzi, wakaingiza jiko, wakafunga mlango, wakaziba hata upenyo wa chini kwa gunia, ndivyo walivyolelewa wote wawili, nyumba ikifungwa ndipo joto linakaa, kule kijijini kwao Bashay nani alifungua mlango moto ukiwaka, ila nyumba ya Bashay ilikuwa ya miti na nyasi, ilipumua yenyewe, gereji ni saruji na dari, haipumui, na hilo hakuna aliyewaambia, cherehani ikanyamaza, akadhani anatunga uzi, kidogo akageuka, akamkuta amelalia kitambaa cha sare za shule kama mtu aliyechoka tu, akamtoa nje, gari la jirani mpaka hospitali Haydom, njia haiishi, kichwa chake mapajani, Gaudensia, we Gaudensia, usinifanyie hivi... akapona, Mungu ashukuriwe, akapona, lakini cherehani ikahamia sebuleni, "sina ugomvi na wewe, baba Judica, ila mle ndani penye moto sikanyagi tena," na mle gereji bila moto vidole vyake havishoni, basi, kila mtu na chumba chake, msumeno unaongea peke yake, naye amemkosa, wanalala kitanda kimoja na bado amemkosa, aibu gani hii kwa mtu mzima mwenye wajukuu... "na hii ni ya mafuta, yamefungiwa humo ndani, umeme unayapasha tu, hayaishi," Monica anasema akiiwasha, "ila wateja hawaitaki, baba, haiwaki kitu, wanasema ni mbovu," anaiwekea kiganja kwa adabu tu, chuma kizito chenye mbavu mbavu, kimya, baridi bado, hapana, achukue ile nyekundu, akamwonyeshe, ona mama Judica, moto bila moshi, ona unavyowaka... aone nini, aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, atasimama mlangoni atazame ule wekundu kando ya maranda yangu, atageuka arudi sebuleni, nami nitabaki nikiota moto wangu peke yangu... na chuma kinaanza, polepole, uvuguvugu unapanda chini ya kiganja, hauonekani unakotoka, anafumba macho, na dukani panakuwa na giza zuri, ni Bashay, yeye ni mtoto mdogo, nje ukungu, ndani majivu tu, moto umekwisha zimika, lakini ng'ombe wamo, humo humo ndani ya nyumba, mgongo wake umeegemea ubavu wa yule ng'ombe wa bibi asiye na pembe, anacheua taratibu, joto linakuja gizani bila mwanga, bila moshi, ubavu mmoja baada ya mwingine, na hakuna mtoto aliyewahi kuliogopa, hata Gaudensia alilelewa hivyo hivyo, alimwambia enzi za uchumba, kwamba kwao yeye ndiye alilala karibu zaidi na ng'ombe, dada zake wakamwonea wivu, walicheka sana siku ile, kumbe wewe na mimi mlezi wetu mmoja... asimwonyeshe kitu, basi, hakuna cha kuona, amshike tu mkono, aulaze hapa, mlango wa gereji ukiwa wazi, anyamaze, angoje kama anavyongoja sasa... "umechagua ipi, baba?" Monica anauliza, feni bado inavuma, ukungu bado umesimama mlangoni, naye kiganja hajakiinua, ila ameshaanza kuisikia, kwa mbali, cherehani.