Sauti ya Nyaguthii Yafika Kampala

Jina Nyaguthii kwa Kikuyu ni la mtu wa kwendaenda, lakini mwenyewe, kwa miaka sitini na minne, hakuwahi kwenda mbali kupita Bungoma, na hata Bungoma alienda kwa matanga. Maisha yake yalikuwa nyumba ya Kibomet, meza ya maharagwe katika soko la Kitale, na sauti. Hiyo sauti ilijulikana. Akimwita mnunuzi mmoja, watu watano wanageuka, na wawili kati yao wananunua kwa woga tu.

Mwaka huo ulikuwa 2004. Mtoto wake wa pekee, Kimotho, aliyekuwa fundi wa magari Kampala, alikuwa amepata binti na mkewe Namusisi, Mganda. Habari zilifika kwa simu ya jirani, Chepkosgei, maana Nyaguthii hakuwa na simu na hakutaka kufundishwa.

"Mama," Kimotho alisema, "Jumamosi saa tisa mtoto anapewa jina. Mama yake Namusisi anasema kama hakuna mtu wa upande wangu atafika, yeye atamwita jina la ukoo wao."

"Ukoo wa nani?"

"Wao. Ati mtoto hawezi kukaa bila jina kama paka."

Nyaguthii alirudisha simu kwa Chepkosgei kana kwamba imemuuma kidole. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba; hilo halijadiliwi, kama vile hakuna anayejadili jua litatokea upande gani. Na kwa kuwa Kimotho hakuwa na ndugu, jina likimpita mtoto huyu lingezikwa pamoja na mwenye nalo, pale Kibomet, chini ya mparachichi.

"Sasa utaenda aje na hujui njia?" Chepkosgei aliuliza.

"Si nina mdomo?" Nyaguthii alijibu.

Ijumaa alilala Bungoma, na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri alikuwa kwenye basi, kiondo mapajani, ndani yake kilo nne za njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi, na chupa ya uji wa wimbi. Kondakta alikuwa kijana mmoja mchangamfu anayeitwa Wabwile.

"Shosho, huko Kampara usiongee Kiswahiri sana," alimwambia. "Waongereshe Kiingereza."

"Mimi nilifika darasa la nne, kijana. Kiingereza yangu ni ya kumsalimia mwalimu. Na wewe rekebisha Kiswahili yako kwanza."

Wabwile alicheka mpaka Malaba. Nyaguthii alimwona kama mtoto aliyekosa mtu wa kumchapa.

Basi likaingia Kampala saa saba kasoro na kusimama mahali ambapo si mahali, kati ya rundo la taka na ukuta. Kimotho alikuwa amesema atamngoja kwenye kituo. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba vituo vilikuwa kadhaa, na yeye alikuwa anangoja kwenye kile ambacho basi hili halijawahi kukiona. Lakini saa ile Nyaguthii alijua jambo moja tu: mwanawe hayuko, nyumba iko Ndeeba nyuma ya mafundi wa mbao, na saa tisa haimngoji mtu.

Akatoka barabarani. Uwii! Alikuwa anafikiri anajua watu wengi wakikaa pamoja wanafanana aje. Si alikuwa ameuza Kitale siku za soko, wakati hata punda anaomba nafasi? Hawa walikuwa wamemwagwa. Waliuza mishipi, waliuza sindano, waliuza soksi juu ya vichwa vyao, na mmoja alikuwa anauza vitasa vya milango katikati ya barabara, kana kwamba kuna mtu atashuka kwenye gari na kusema ndiyo, mlango wangu umebaki bila kitasa. Kwao Kitale bodaboda ilikuwa baiskeli yenye mto wa kukalia. Hapa ilikuwa pikipiki, na zilitoka kila upande kama siafu walioguswa, nyingine zikipanda mpaka pale watu wanapotembea. Baiskeli moja ilipita imebeba mikungu ya ndizi mingi hivi kwamba mwenyewe hakuonekana. Ndizi zilikuwa zinajiendesha. Na juu ya taa za barabarani walikaa ndege wakubwa wenye vipara na mfuko shingoni, wakimwangalia kama wazee wa kanisa wanaomwangalia aliyechelewa.

"Wewe kijana!" Nyaguthii alimwita muuza mishipi. "Ndeeba ni wapi?"

Kijana alimtazama, akakunja mishipi yake, akaondoka.

"Kwani nimekutukana?"

Akamgeukia mama aliyekuwa anachoma gonja, zile ndizi kubwa tamu. "Mama! Nionyeshe njia ya Ndeeba! Haraka, nimechelewa!"

Yule mama alichukua gonja iliyoiva vizuri, akaifunga kwa gazeti, akamwekea mkononi, akainamisha macho chini. Nyaguthii alisimama na gonja ambayo hakuiomba. Alikuwa amefika kwa vichaa, basi. Aliila, kwa sababu chakula hakina kosa.

Akajaribu Kiingereza cha mwalimu. Alimpata bwana mmoja aliyevaa koti, akamwambia goodi moningi, ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini. Bwana akafurahi kupita kiasi. Akamsalimia. Akauliza jambo, akaguna "Mmm." Akangoja. Nyaguthii, asijue la kufanya, akaguna. Bwana akaguna tena. Pembeni, msichana mzima wa kuolewa alipiga magoti kwenye vumbi kumsalimia mzee, na wale nao wakaanza: mmm, eee, mmm, eee, kama nyuki wawili kwenye debe, huku magari yakiwapigia honi. Nani ana wakati huo? Kitale mtu anakwambia "Sasa," unajibu, mnaendelea na bei. Hapa ungeweza kuzaa na kulea kabla salamu haijaisha. Bwana wa koti alipomaliza kuguna, alisikia neno Ndeeba, akasema kwa Kiingereza chepesi kwamba yeye pia ni mgeni, ametoka Masaka, na Ndeeba haijui.

Saa nane ilikuwa imepita. Nyaguthii alikamata pikipiki ya mzee mmoja mwenye mvi, akaikamata kweli, kwa usukani.

"Ndeeba! Mafundi wa mbao! Sasa hivi!"

Mzee akainua mikono yote miwili. Kisha akakiona kiondo, akaona na leso, akashusha mikono pole pole.

"Nnyabo, bibi," alisema kwa Kiswahili cha kuokotaokota, "wewe ni mama tu?"

"Ulitaka niwe nani?"

"Punguza sauti. Hapa Kiswahili ni ya askari. Na ya wezi wenye bunduki. Miaka ile, ukisikia Kiswahili kama hiyo yako, unatoa saa, unatoa pesa, unalala chini."

Nyaguthii alifikiria muuza mishipi. Alifikiria gonja. Akaanza kucheka kutoka tumboni, akapanda pikipiki kiume, leso ikaenda ilikotaka.

Kufika karibu na soko kubwa, njia ikaziba kabisa. Matoroli, magunia, wapagazi wenye marobota kichwani, hakuna wa kumpisha mwenzake. Mzee akazima injini akaanza kungoja, kama mtu ambaye amengojea hapo maisha yake yote. Nyaguthii alitazama jua. Kisha akavuta pumzi ya soko la Kitale.

"TOKA NJIA! WOTE! PANGA LAINI!"

Bahari ya Shamu haikumpisha Musa vile. Matoroli yalirudi nyuma, wapagazi wakajibana ukutani, na mtu mmoja mnene aliingia dukani kwa watu kupitia dirishani. Mzee wa pikipiki akapita katikati akiomba Mungu kwa lugha yake. Walipofika kwenye msongamano wa pili, Nyaguthii aliita tena, na kusema kweli huo haukuwa msongamano wa maana. Aliita kwa sababu ilimpendeza.

Walifika Ndeeba saa tisa kasoro dakika chache. Nyuma ya mafundi wa mbao palikuwa na geti la mabati, limefungwa. Ndani kulisikika vyombo na sauti za wanawake. Mwili wa Nyaguthii ulikuwa bado una moto wa barabarani. Akaligonga geti kwa ngumi.

"Fungua mlango! Fungua saa hii!"

Ndani kukawa kimya. Kitu cha bati kikaanguka. Miguu ikakimbia.

Geti lilipofunguka, alikuwa Namusisi, uso umempauka, mikono mitupu. Yeye alikuwa amejifunza Kiswahili kwa mumewe.

"Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi. Mtoto yuko wapi?"

Namusisi alikaa chini kwenye ngazi. "Mama yangu amekimbia naye. Mama, ulisema yale maneno. Yale yale. Nilikuwa bado mdogo. Askari walikuja mchana, wakagonga hivyo, wakasema hivyo, wakamchukua baba. Hatukumwona tena. Mama yangu akisikia Kiswahili mlangoni hajui tena ni mwaka gani."

Nyaguthii aliweka kiondo chini. Alikuwa amesafiri kutoka Kitale kuja kutafuta jina lake, na jina limekimbizwa na mdomo wake mwenyewe.

"Amekimbilia wapi?"

Namusisi alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba, mafundi walikuwa wamepanga mbao mpaka juu ya kichwa cha mtu. Nyuma ya mbao kitoto kililia kidogo, kikazibwa.

Nyaguthii alikwenda mpaka kwenye mbao akasimama. Aseme nini? Kiswahili ndicho hicho kimeharibu. Kiganda hana. Kikuyu huyu mama hakijui, na goodi moningi si neno la kumwambia mjane. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mdomo wa Nyaguthii ulikuwa mtupu.

Basi akapiga magoti. Yeye ambaye alipigia magoti Mungu na palizi ya maharagwe tu, alishuka kwenye unga wa mbao, goti moja likilia kama bawaba, na la pili likijibu. Akainamisha kichwa.

"Mmm," akasema.

Kimya.

"Mmm," tena, pole pole zaidi.

Alingoja. Aliyekuwa hana wakati wa salamu alingoja mpaka jasho likamkauka. Halafu nyuma ya mbao kikatoka kitu kidogo, kama pumzi.

"Eee."

"Mmm."

"Mmm."

Waliendelea hivyo, na hakuna aliyehesabu. Mwishowe akatokea mwanamke mwembamba aliyevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, mabega ya nguo yamesimama wima ingawa mwenyewe anatetemeka, mtoto kifuani. Huyo ndiye Nakabuye, mama yake Namusisi. Alimtazama Nyaguthii pale alipopiga magoti, akauliza jambo.

"Anauliza, aliyepiga kelele ni nani," Namusisi alitafsiri.

"Mwambie ni Nyaguthii. Mwambie sikujua, na ninaona aibu. Jina nililolifuata sitaliomba tena. Ampe mtoto lake."

Namusisi alisema. Nakabuye aliinama, akaweka mtoto mikononi mwa Nyaguthii, akalijaribu lile jina mdomoni mwake, pole pole, kama mtu anayeonja uji: "Nya-gu-thii." Akaongeza maneno machache.

"Anasema alisema mtu wa upande wa baba akifika kabla ya saa tisa, jina ni lenu," Namusisi alisema. "Umefika. Lakini hilo jina haliitwi kwa kelele katika nyumba hii."

Nyaguthii alimtazama kitoto, kinapiga miayo, hakijali. Ujanja ukaanza kumrudia kidogo kidogo.

"Mwambie kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama. Huyo ni Nakabuye, lazima. Kwa hivyo wewe kunywa uji haraka, kuna kazi."

"Wa pili? Huyu ana wiki mbili!"

Lakini alitafsiri, na Nakabuye akacheka, mkono mdomoni.

Ndipo Kimotho akatokea mbio, shati limelowa, amezunguka vituo vyote vya mabasi.

"Mama! Ulikuwa wapi? Nimekutafuta Kampala yote!"

Wanawake wawili walimgeukia kwa pamoja. "Shhh!"

"Punguza sauti, mtoto anasikia," Nyaguthii alinong'ona. "Na kuja pole pole uniinue. Niliweza kushuka, lakini kupanda imenishinda."