Picha Niliyoamrisha Ifutwe

Siku ya soko nilikuwa nachonga mpini wa jembe nilipomwona yule mzungu, George, na kamera yake ileile shingoni. Nikatupa panga, nikamfuata.

Mwezi wa tatu alimpiga picha mke wangu, Sellah, akipima omena, dagaa wa kuuza. Sellah alikuwa hata ametengeneza kitambaa kichwani. Mimi ndiye niliyepiga kelele: "Futa! Mtaenda kutuuza huko kwenu!" Soko lote likanishangilia. Mzungu akafuta.

Mwezi wa nne Sellah akafa. Hospitali haikuwa na dawa, lakini wakubwa walikuwa na magari mapya. Nilipoenda kuandikisha kifo, karani akachukua kitambulisho cha Sellah, ati ni sheria. Nikamwambia picha ya harusi ililiwa na mchwa, hiyo ndiyo sura yake iliyobaki. "Mzee, pisha wengine," akasema. Basi serikali ilishindwa kumtibu, ikaweza kumfungia kwenye droo.

Nilipomfikia George, Osundwa wa bodaboda alikuwa ameshamshika mkanda wa kamera.

"Nani amekuruhusu kunipiga picha? Lete hiyo kitu tuivunje!"

Wenzake wakazunguka. Mmoja akaokota jiwe.

"Osundwa mwanangu, ngoja. Usivunje."

"Mzee Ignatius! Si ni wewe ulitufundisha? Ama leo amekununulia soda?"

Wakacheka. Osundwa akavuta, mkanda ukalia kama unakatika.

"Pengine Sellah yuko ndani," nikasema.

Kicheko kikaisha. Sellah alikuwanga anampimia Osundwa omena, halafu anamwongezea konzi moja ya bure. Akaachilia mkanda polepole.

"Afute yangu kwanza."

George akafuta. Nikamwonyesha pale penye kibanda cha Sellah. "Mama. Omena. Mwezi wa tatu."

Kiswahili chake ni cha kuokota, lakini alielewa. "Nilifuta. Wewe ulisema."

"Angalia tu, tafadhali."

Akatoa simu, kumbe picha za zamani anaziwekanga humo. Akasukuma kwa kidole. Mafahali wa kupigana wa Malinya. Magunia. Watu nisiowajua. Kila moja ikipita, nasogea karibu zaidi. Mara akasimama kwenye picha nyingine ya siku ileile.

Mbele nilikuwa mimi, mdomo wazi, mpini juu. Nyuma yangu Sellah, uso wote ameufunika kwa kiganja, vile mke anavyofanya mumewe akimwaibisha mbele ya watu. Uso haukuonekana hata kidogo. Ni kiganja tu, na magamba ya omena, na kile kidole kidogo kilichopinda tangu alipofinywa na mlango.

Osundwa akachungulia. "Ni yeye. Hicho kidole ni chake."

George alikuwa ananitazama mimi, na jiwe lililokuwa bado mkononi mwa yule kijana. "Pole, mzee," akasema. "Nafuta."

Nikamkamata mkono kwa nguvu kabla hajagusa, hata wakadhani nimeanza tena vita.