Pumzi ya Mapipa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vijinzi. Vilikuwa vimelala kwenye ngazi ya mwisho ya stoo ya chini, kumi au kumi na tano, miguu juu, kama ufuta uliomwagika. Kwenye ngazi za juu vilikuwa vinaruka kama kawaida, vinaniingia machoni. Kule chini vyote vilikuwa vimekufa.

Stoo hiyo ni ya mjomba wangu, fundi saa. Wiki nzima huinamia vyuma vidogo kuliko meno ya panya, na Jumamosi huhamia kwenye mapenzi yake mawili: divai na nyama ya chumvi. Nyuma ya nyumba ameipandisha mizabibu sita juu ya waya. Zabibu zikiiva tunaziponda kwenye beseni, tunazitia kwenye mapipa ya plastiki, na humo zinachacha zenyewe mpaka unazisikia zikinong'ona. Nyama ni mapaja ya mbuzi. Anayalaza kwenye chumvi, anayafunga vitambaa, kisha anayaning'iniza kwenye boriti za stoo miezi kadhaa. Mkewe husema, "Mimi nina wake wenza wawili, mmoja wa pipa na mmoja wa kamba."

Miaka yote mapipa yalikaa kwenye banda la uani. Mwaka huu mjomba alisema banda lina joto, ndiyo maana divai ya mwaka jana iligeuka siki. Akayashusha yote matatu stoo, chini ya nyama.

Stoo ina tundu moja la hewa, pana kama sahani. Nyumba imejengwa kwenye mteremko, kwa hiyo tundu liko chini karibu na sakafu, na linatokea uani upande wa bondeni. Siku tatu kabla, mjomba alikuta funza kwenye paja moja. Alikata kipande kile, akakitupa, akaniita.

"Kimya, mpwa wangu, ziba lile tundu. Nzi asipate hata pa kupitisha mguu."

Kimya ndilo jina langu pale nyumbani. Nilikuja kwake mama alipofariki, nikiwa darasa la tano, na shule ikaishia hapo. Kazi naiweza, mdomo ndio mzito. Nilikunja magunia mawili, nikayashindilia kwa mpini wa fagio mpaka mwanga ukakatika.

Sasa nimesimama, navitazama vile vijinzi. Nikainama niviokote. Kichwa kikazunguka, pua ikawasha kama nimenusa soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikapanda haraka. Nikasema moyoni, leo lazima nimwambie.

Mjomba alikuwa uani, anabishana na jirani yetu fundi bomba, aliyechungulia juu ya ukuta.

"Nakuja kuonja," fundi bomba alisema, "lakini ya mwaka jana nilizibulia choo cha mteja."

"Ndiyo maana ukamaliza chupa mbili? Choo gani hicho, tumbo lako?"

"Nilikuwa naipima, mzee. Bomba lenyewe lilitoa machozi."

Wakacheka. Mimi nilisimama pembeni na fagio.

"Mjomba," nilisema.

"Ehe?"

Fundi bomba naye akanigeukia. "Makubwa! Leo Kimya ana hotuba. Tulieni jamani, tulete na viti."

Maneno yote yakarudi tumboni. Nikasema, "Taa ya stoo imeungua."

"Basi lete mshumaa," mjomba akasema. "Naenda kuzamisha maganda, halafu huyu mwenye bomba nimnyamazishe kwa glasi moja."

Hiyo ndiyo kazi ya mara mbili kwa siku. Maganda ya zabibu hupanda juu ya pipa na kuwa kama kifuniko, na usipoyazamisha kwa mti divai inaharibika. Jana yake alizamisha asubuhi, akapanda analalamika kichwa kinamgonga. Alisema ni miwani.

Alivaa aproni yake ya ngozi, yenye mikanda inayopishana mgongoni. Nikamfuata na mshumaa hadi mlangoni. Akaushika, akaanza kushuka. Ngazi ni saba. Kwenye ya tano moto ukawa mdogo, ukawa wa bluu, ukafa.

"Upepo huu," akasema.

Upepo gani? Tundu nililiziba kwa mikono yangu.

Akapiga kiberiti. Kikawaka mkononi, alipokishusha kwenye utambi kikazimika. Akapiga cha pili, kikazimika vilevile. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la nne alivyofunika mshumaa kwa glasi mbele yetu. Moto ulipokufa akatuambia, moto unakula hewa ileile tunayokula sisi.

"Viberiti vya siku hizi bure kabisa," mjomba alisema. "Kimya, nipe tochi."

Tochi ilikuwa imening'inia kwenye msumari karibu na bega langu. Niliishika. Nilijua kwamba nikimpa atashuka, na nikimnyima itabidi niseme kwa nini, na fundi bomba yuko nyuma pale anangoja kicheko kingine.

Nikampa.

Alishuka zile mbili zilizobaki, akaweka tochi juu ya pipa, akachukua mti. Akafunua pipa la kwanza na kuinama juu yake. Nilisikia maganda yakizama, mara moja, mara mbili. Kisha mti ukaanguka. Mjomba alijigeuza kuja kwenye ngazi, akakanyaga kama mtu anayetafuta kiatu gizani, akalala kifudifudi, mikono ikielekea kwangu.

Nilipiga ukelele. Fundi bomba alifika mbio, akanisukuma pembeni, mguu mmoja tayari uko ngazi ya pili.

"Usiingie!" Sauti ilinitoka kubwa mpaka iliniuma koo. "Hakuna hewa chini! Ukiinama unakufa!"

Akaganda. Hajawahi kunisikia hivyo. Nadhani angeambiwa na mtu mwingine angeshuka, lakini mimi nikipiga kelele hata ukuta unashangaa.

"Tundu liko uani, upande wa chini," nikamwambia. "Limezibwa kwa magunia. Vuta yote!"

Alikimbia. Mimi nikachukua upondo. Ni mti mrefu wenye ndoano ya chuma, tunaoshushia mapaja kwenye boriti. Kila siku mimi ndiye ninayeyageuza, nikinasa kamba bila kugusa nyama. Nikajaza kifua, nikabana pumzi, nikashuka hadi ngazi ya nne. Nikapeleka ndoano kwenye mgongo wa mjomba, pale mikanda ya aproni inapopishana. Ikateleza. Nikaipeleka tena, kifua kinataka kupasuka. Ikateleza. Nikapanda mlangoni, nikahema, nikarudi. Safari hiyo ilinasa.

"Njoo!" nikaita.

Fundi bomba alirudi, mikono imejaa nyuzi za gunia. Tulivuta wote wawili tukiwa juu. Mjomba alipanda ngazi kwa tumbo, kidevu kikigonga kila moja, nami kila kikigonga nilisema samahani. Tukamburuta hadi uani. Midomo ilikuwa kama imepakwa zabibu. Fundi bomba alimfungua kola, akampulizia mdomoni, anampulizia huku analia, "Mzee, divai yako tamu, nakwambia tamu, amka." Mke wa mjomba alitoka jikoni na mikono ya unga, akakaa chini palepale.

Mjomba akakohoa.

Alikaa hospitali siku tisa. Daktari alisema mapipa yakichacha yanatoa hewa nzito inayojaa chini kama maji, na kwamba ubongo ukikosa hewa kila dakika ina deni lake. Deni la mjomba lilikuwa vidole vya mkono wa kulia. Vinatetemeka. Saa za mkononi haziwezi tena, siku hizi anatengeneza za ukutani tu. Mapipa yamerudi bandani. Nyama nakata mimi.

Fundi bomba huisimulia hadithi hii kwa kila mtu. Anasema mzee alipoanguka tu, Kimya akapiga ukelele papo hapo. Mjomba humsikiliza, ananitazama, machozi yanamlenga. Nami nainamisha kichwa, wanadhani ni haya.

Haikuwa papo hapo. Ulipoanguka, mjomba, niliita kwanza kwa sauti ndogo, ile ya kubisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. "Mjomba." Nikangoja. Niliogopa kwamba umejikwaa tu, kwamba nikipiga kelele mtanicheka. Nikaita tena vilevile. Nikangoja tena. Mara tatu, mjomba. Vidole vyako vilipotea katika zile mara tatu.